Samaki Juu ya Kitanda: Picha za Ajabu Zinazosema Ukweli wa Maji

Juma hili tunazungumza juu ya picha. Si picha za harusi wala za komunio ya kwanza. Ni zile ambazo mtu akiziona anasimama na kusema: "Jambo hili haliwezekani!" Nyumba inayopiga makasia. Mama aliyebeba ziwa ndani ya beseni. Samaki aliyelala juu ya kitanda, chini ya chandarua cha mbu. Leo wasanii wengi, hapa Congo na katika nchi nyingine, wanachora, wanashona na kuvaa mambo ya namna hii ili kuonyesha mabadiliko ya tabianchi na madhara yake.

Wengine kati yetu watauliza: sisi wenye kutafuta unga wa kesho, picha hizo zinatuhusu nini? Tunajibu: zinatuhusu kwa sababu mambo yasiyowezekana yalikwisha kufika nyumbani kwetu.

Tukumbuke. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha Uvira, mto Mulongwe ukatoka katika njia yake, ukachukua watu na maelfu ya nyumba. Mwaka huohuo na mwaka uliofuata ziwa Tanganyika lilipanda, na mwaka 2024 likapanda tena. Uvira, Kalemie na upande wa Burundi, watu walipita kwa mtumbwi mahali walipozoea kupita kwa miguu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi ambayo ni siku ya soko kule Nyamukubi, maji na mawe vilishuka kutoka milima ya Kalehe juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikutwa wamekufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Ripoti huandika hesabu: nyumba ngapi, watu ngapi, mabashi mangapi yaligawanywa. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini mama aliyeona sufuria zake zikielea na kitanda chake kikitoka mlangoni hawezi kuyasema yote kwa hesabu. Aliona kitu kinachofanana na ndoto mbaya, naye alikuwa macho. Kwa mambo ya namna hiyo, picha ya ajabu ndiyo inayosema sawasawa.

Sanaa hii ilitoka wapi?

Wazungu wanaiita surealisimu. Jina hilo lilienea kutoka Paris, Ufaransa, mwaka 1924, mwandishi André Breton alipotangaza kwamba ndoto nazo zina ukweli wake, na kwamba msanii ana haki ya kuweka pamoja vitu ambavyo mchana havikai pamoja. Mwaka 1931 mchoraji Salvador Dalí wa Hispania alichora saa za mfukoni zilizolegea kama vitambaa vilivyoanikwa. Max Ernst, Mjerumani aliyekimbia vita, alichora kati ya 1940 na 1942 nchi ya Ulaya kama ardhi iliyooza baada ya mvua. Vita ilikuwa imewavuruga watu akili, na picha ya kawaida haikutosha kuwaeleza.

Lakini tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Nani kati yetu hakuketi karibu na moto na kumsikiliza nyanya akisimulia juu ya mtungi unaomeza watu, au ngoma inayoimba kwa sauti ya mtoto aliyepotea? Na wale waliokulia Lubumbashi wanamjua Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambaye wachoraji wa Katanga walimchora sana katika miaka ya 1960 na 1970. Familia nyingi zilimtundika ukutani sebuleni. Yule mwanamke wa majini alikuwa namna ya kuzungumza juu ya mali, tamaa na hatari, pasipo kumtaja mtu yeyote kwa jina. Lugha hii ni yetu tangu zamani. Kipya ni kazi tunayoipa.

Mama mwenye kikapu kichwani

Kati ya kazi zote tunazozijua, moja inatugusa sisi wamama zaidi. Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi, Kenya, mwaka 1972. Mwaka 2015 alionyesha katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, filamu fupi ambayo jina lake tunaweza kulisema hivi: Mwisho wa Kubeba Yote.

Ndani yake mwanamke anatembea peke yake juu ya mlima, kikapu kichwani. Hapo hakuna ajabu; tunawaona wenzetu hivyo kila asubuhi, wakishuka na makala, mihogo na kuni. Lakini kila anapopiga hatua, mzigo unaongezeka. Gurudumu la baiskeli. Antena. Nyumba za ghorofa. Mitambo. Mama anainama, anaendelea kutembea, wala hakuna anayemtua. Mwishoni hatuoni tena mahali mama anapoishia na mzigo unapoanzia. Wote wanakuwa donge moja, na nchi inawameza.

Hakuna neno moja linalosemwa juu ya tabianchi, na hata hivyo kila kitu kimesemwa. Vitu ambavyo dunia inajenga na kununua vina uzito, na uzito huo unawekwa kichwani pa mtu ambaye hakuvinunua. Nchi yetu imechangia kidogo sana katika moshi unaopasha dunia joto. Mama wa Fizi au wa Kalehe hana gari wala kiwanda. Lakini kisima kikichafuka, ni yeye anayekwenda mbali zaidi na bidoni. Shamba likifukiwa na mchanga, ni yeye anayeanza tena kuomba mbegu kwa jirani.

Takataka zikisimama na kutembea

Kule Kinshasa, tangu 2015, kuna wasanii wanaokutana katika tamasha liitwalo KinAct. Wanajivika takataka za mji: chupa za plastiki, nyaya za umeme, mipira ya magari, makopo. Eddy Ekete, mmoja wa waanzilishi, anajulikana kwa vazi lake la makopo ya vinywaji linalomfunika mwili mzima. Wasanii hao wanatembea katikati ya watu barabarani. Watoto wanakimbia, kisha wanarudi kugusa.

Ni mchezo, lakini una maana. Ile chupa tuliyoitupa jana ikisimama mbele yetu na miguu miwili, hatuwezi tena kusema haituhusu. Plastiki inatengenezwa kwa mafuta ya petroli, yaleyale yanayotoa moshi. Nasi tunajua inakolala baada ya kutupwa: ndani ya mitaro ya maji. Mvua kubwa ikija, mtaro umekwisha kuzibwa. Mwezi Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 pale Kinshasa. Mvua ilikuwa nyingi kweli, lakini pia maji hayakuwa na njia.

Huko Senegal, mpiga picha Fabrice Monteiro alianza mwaka 2013 kazi aliyoipa jina la Unabii. Pamoja na mshonaji wa mitindo Doulsy alitengeneza mavazi makubwa ya takataka, akawasimamisha watu waliovaa mavazi hayo mahali palipoharibika. Mmoja anatokea katikati ya jalala la Mbeubeuss, karibu na Dakar, mrefu kama mti, sketi yake ikiwa ni takataka zenyewe. Anafanana na pepo wa hadithi. Kwa picha hizo dunia iliyochoka inatuma wajumbe wake kuzungumza na watoto kwa lugha wanayoielewa.

Tena yako yaliyowalenga wakubwa. Mwaka 2015 msanii Jason deCaires Taylor aliweka sanamu nne za farasi ndani ya mto Thames, mjini London, si mbali na jumba la bunge la Uingereza. Badala ya vichwa vya farasi, zilikuwa na vichwa vya mashine za kuvuta mafuta ardhini. Maji ya mto yakipanda, farasi na waliowapanda walizama. Yakishuka, walionekana tena. Mara mbili kwa siku wenye kutunga sheria waliweza kuona mambo ambayo watu wa kando ya maji wanayaishi.

Sindano na gunia

Labda mama mmoja atasema: hao wana rangi, wana kamera, sisi hatuna kitu. Basi tumtazame mama Lucie Kamuswekera wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1944. Alijifunza kushona maua akiwa msichana. Baadaye, alipokwisha kuonja uchungu wa vita, alichukua magunia, sindano na nyuzi, akaanza kushona historia ya Congo: ukoloni, vita, wakimbizi. Kazi yake si ya ndoto, inaonyesha watu na mambo yaliyotokea. Lakini inatufundisha kwamba gunia la unga na uzi wa sweta kuukuu vinatosha kutunza ukumbusho wa nchi.

Mtoto akichora nyoka wa maji

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo lilitufanya tuandike makala hii.

Baada ya mafuriko watoto wengi huota maji. Wanapiga kelele usiku, wanakojoa kitandani, wanakataa kupita darajani. Ukiwapa kalamu wanachora nyoka mwenye vichwa vitatu akimeza nyumba, au ziwa lenye meno. Hiyo ndiyo surealisimu, wala hawakufundishwa na mtu. Mtoto anasema ukweli wake kwa namna anayoweza.

Lakini katika kartie zetu, mara ngapi tumesikia mtu akisema: "Huyu anachora mashetani, huyu ndiye aliyeleta maji"? Msiba unapokuwa mkubwa, watu wanatafuta wa kubeba lawama, na lawama inaangukia aliye mdogo: yatima, mtoto wa mke wa kwanza, mjane mzee asiye na wa kumtetea. Wamama, tusiache jambo hili lipite. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto kuwa ni mchawi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini.

Maji hayakuletwa na mtoto. Hewa ya dunia imepata joto, na hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi zaidi: kwa kila digrii moja, karibu asilimia 7 zaidi. Ni kama godoro lililolowa. Siku ya kukamuliwa linamwaga maji mengi kwa mara moja. Mlimani miti imekatwa kwa ajili ya makala na mashamba, basi udongo hauna wa kuushika, unashuka na kujaza mito. Nyumba zimejengwa ndani ya njia ya mto kwa sababu watu waliokimbia vita walikosa mahali pengine. Na ziwa letu, lenye kina cha karibu mita 1,470, lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Maji yakiingia mengi kuliko yale yanayotoka, yanapanda. Joto hilohilo linapasha maji ya juu ya ziwa, yasichanganyike vizuri na ya chini yenye chakula cha samaki; hiyo ni sababu mojawapo ya ndagala kupungua, pamoja na uvuvi uliozidi.

Ukiwa na picha ya mtoto mkononi, unaweza kumwuliza: "Nyoka huyu anatoka wapi? Anakula nini? Nani anamlisha?" Wengi watakuambia: anatoka mlimani, anakula miti, anakunywa mto. Mtoto amekwisha kueleza. Kazi ya mkubwa ni kumsikiliza na kumwambia: "Wewe huna kosa."

Namna ya kufanya katika kikundi

Tunashauri kila kikundi, iwe cha kanisani, cha likelemba au cha AVEC, kitenge saa mbili kwa kazi hii. Vifaa ni vile vilivyo nyumbani: magunia matupu, vipande vya vikwembe, uzi, sindano, karto za sabuni, na makala ya jikoni kwa kuchorea.

Kwanza, kila mama aseme sentensi moja inayoanza na "Siku ile niliona..." Asiyetaka kusema anyamaze kwa amani. Mtu asilazimishwe kuchora wafu wake.

Pili, kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani: mlango, jiko, sahani, nguo ya mtoto. Akiweke mahali kisipoweza kukaa. Jiko chini ya ziwa. Mlango juu ya mti. Kikwembe kinachozuia mto. Asijali uzuri, hatutafuti zawadi.

Tatu, tundikeni kazi zote kwenye kamba, kama nguo zinazoanikwa, mzitazame pamoja. Kisha mzigawe mafungu matatu: yale yanayotoka mbali, kama moshi wa nchi tajiri, yale yanayotoka mlimani, kama miti iliyokatwa, yale yanayotoka kwetu, kama chupa ndani ya mtaro.

Nne, kwa fungu la tatu chagueni kazi moja ya mikono. Labda salongo ya kusafisha mitaro kabla ya mvua za Septemba, labda kupanda mianzi kando ya mto. Kwa mafungu mengine andikeni swali moja la kumpelekea shefu wa kartie au mshauri wa mji, na mwende nalo mkiwa mmebeba zile picha. Barua inaweza kulala ndani ya meza. Gunia lenye mita mbili, lililoshonwa na wamama ishirini na kutundikwa mlangoni pa ofisi, kila apitaye ataliuliza.

Tunajua wako wamama watakaoogopa kwamba picha za namna hii si za Kikristo. Tunawaomba wafungue Biblia, wasome ndoto ya Farao juu ya ng'ombe waliokonda waliowala ng'ombe wanono. Jambo hilo nalo haliwezekani. Lakini Yusufu hakuikimbia ndoto. Aliieleza, kisha akasema wajenge ghala, na watu wakaokoka njaa. Kama hakuna aliyeieleza ndoto, ghala lisingejengwa.

Na hapo pia ndipo mpaka wa sanaa. Picha haizuii maji. Haitoi mchanga ndani ya mto Mulongwe, wala haimpi nyumba mama anayelala chini ya bashi tangu 2020. Anayetuletea kalamu za rangi badala ya kutafuta mahali salama pa kujenga, tumshukuru kwa kalamu na tuendelee kuuliza mahali. Lakini mahali ambapo watu hawakusema wala kuonyesha kilichowapata, wengine husema kwa niaba yao, na mara nyingi husema vibaya: kwamba ni bahati mbaya, kwamba ni laana, kwamba ni yule mtoto.

Ya kuzungumza katika kikundi juma hili

1. Ni kitu gani ulichokiona siku ya mafuriko ambacho mpaka leo hujapata maneno ya kukisema?

2. Katika kartie yetu, nani alipewa lawama baada ya maji? Leo anaishi namna gani, na ni nani kati yetu atakayemtembelea?

3. Kama ungekuwa yule mama wa Wangechi Mutu, ni mzigo upi ungeutua kwanza, na ni nani anayepaswa kuubeba?

Vikundi vitakavyoshona gunia vimwambie mwakilishi wao kabla ya Jumamosi. Tunatafuta ukuta wa kuyatundika yote pamoja, mahali ambapo watoto watapita wanapotoka shule.